Rejista ya moyo isiyotunza picha haijakamilika

Mgonjwa mmoja, eko moja (picha za moyo kwa mawimbi ya sauti), wasomaji wawili. Mimi niliandika 38, mwenzangu akaandika 33. Namba hiyo ni asilimia ya damu ambayo ventrikali ya kushoto, chumba kikuu cha moyo cha kusukuma damu, huisukuma nje kwa kila pigo, na 35 ndio mpaka ambao miongozo huutumia, pamoja na mambo mengine, kuamua nani afikiriwe kuwekewa kifaa cha kushtua moyo. Tulirudi kwenye picha. Mwenzangu alichora ukuta wa ndani akaziacha nyama zinazoshikilia vali ndani ya uwazi wa moyo, mimi nikazikata nje. Utaratibu unaokubalika ni ule wake. Tungekuwa tumejaza namba tu kwenye fomu na kufuta picha, kosa langu lingebaki humo milele, na hakuna ambaye angelijua.

Tangu siku hiyo, kila ninapoulizwa kuhusu rejista ya pamoja ya utafiti wa picha za moyo, yaani hifadhi ya taarifa za wagonjwa wa hospitali nyingi, huwa nauliza jambo moja kabla ya yote: picha zenyewe mtazitunza?

Haja ya kuunganisha nguvu iko wazi. Ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa kwa kurithi hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500, na wanaopatwa na janga kubwa katika mwaka mmoja ni wachache mno kwa hospitali moja kujifunza kitu. Ndiyo maana rejista ya kimataifa ya ugonjwa huo, HCMR, ilikusanya wagonjwa 2,755 kutoka vituo 44 katika nchi 6, wote wakipigwa MRI ya moyo, picha za mashine ya sumaku. Rejista ya REMEDY nayo iliandikisha zaidi ya watu 3,300 wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, katika nchi 14, na nusu yao hawakuwa wamezidi miaka 28. Jambo la namna hiyo hulioni ukiwa umekaa na mafaili ya kliniki yako peke yako.

Lakini kukusanya bila kukubaliana ni kulimbikiza. Vituo vikubaliane mapema ukuta uchorwe vipi, na kila picha ije na jina la mashine na nguvu ya sumaku. Kipimo cha T1, namba ya MRI inayoeleza hali ya misuli ya moyo, kwenye sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) hakilingani na cha tesla 3. Ukivichanganya bila kujua, utadhani umegundua ugonjwa kumbe umegundua skana. Na ije video nzima ya mapigo, maana picha moja iliyogandishwa haionyeshi ukuta uliozubaa, usiosogea inavyopaswa.

Faragha ndiyo inayonikosesha usingizi. Wengi wanadhani ukifuta jina kwenye maelezo ya faili la DICOM, muundo ambao hospitali hutumia kuhifadhi picha, umemaliza. Hujamaliza. Niliwahi kufungua eko iliyoelezwa kuwa imesafishwa, nikakuta jina kamili la mama mmoja pembeni juu ya skrini, limeandikwa ndani ya picha yenyewe, na tarehe yake ya kuzaliwa chini yake. Alitoa ridhaa moyo wake utazamwe na watafiti, hakutoa ridhaa yeye ajulikane. Lazima awepo mtu wa kuzitazama picha kabla hazijatoka hospitalini. Programu isaidie, isiachiwe kazi yote.

Nafasi za kazi rejista inapoanzishwa kwa kawaida huenda kwa watu wa seva. Mimi ningeanza na mtu wa simu. Picha ya leo haina maana kubwa kwa utafiti kama hatujui miaka 3 baadaye mgonjwa yuko hai, alilazwa, au alibadilishiwa vali. Kazi hiyo ni ya mtu mvumilivu anayepiga namba iliyobadilishwa, akampata shemeji, akaambiwa apige jioni. Tena ndiye anayegundua kwamba wagonjwa wawili kwenye rejista ni mtu mmoja, aliyeandikwa kwa h hospitali hii na bila h ile nyingine.

Na vituo vidogo vinavyotuma picha viwe na kiti pale maswali ya utafiti yanapochaguliwa. Nimeona kituo kimoja kikituma mamia ya eko, kisha kikajionea matokeo kwenye jarida kama msomaji mwingine yeyote. Mwaka uliofuata hakikutuma kitu.