Mwezi wa tano

Kuna namba ambayo maofisa utumishi wa Tanzania wanaijua kama wanavyojua tarehe ya mshahara: miezi sita. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamwacha nje ya ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki yeyote ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Akishavuka hapo, shauri likifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Kabla ya hapo, kibarua kikiota nyasi, kimeota.

Waajiri wana hoja, na si ya kubeza. Usaili wa nusu saa haumwonyeshi mtu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye wafanyakazi watano na asiye na mwanasheria, akimkabidhi stoo mtu asiyejua hesabu, hasara inaanza siku hiyohiyo. Tena sheria hiyo ya 2004 iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo haki na asirudishwe kazini. Kwa duka kama hilo, hiyo ni kufunga milango. Bila muda wa kupimana wengi wangeajiri ndugu zao tu, na kijana asiye na mjomba mjini angebaki kijiweni.

Ila anayelalamikia matazamio, yaani kipindi hicho cha kupimwa kabla ya kuthibitishwa kazini, huchukuliwa kama mtu anayetaka asiguswe kamwe. Wengi niliowasikia wanaomba jambo dogo mno: waambiwe wamekosea wapi.

Na hilo si geni katika sheria zetu. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka aliye kwenye matazamio afanyiwe tathmini, aelezwe anapopwaya, asikilizwe na apewe nafasi ya kujirekebisha kabla ya kuondolewa. Kanuni hizohizo zinasema matazamio kwa kawaida yasizidi miezi 12. Sheria inasema sita, kanuni zinaruhusu hadi kumi na mbili. Sasa mtu yuko mwezi wa nane, barua ya kuthibitishwa hajaiona. Ni nani huyo? Mahakama ya Rufani, katika shauri la mfanyakazi wa benki lililoamuliwa 2019, ilisema muda wa matazamio ukiisha mtu hajithibitishi mwenyewe, na wa matazamio hawezi kudai haki za aliyethibitishwa. Kwa hiyo kanuni inasema msikilizeni. Asiposikilizwa, hana pa kwenda kudai.

Ndiyo maana mwezi wa tano wa ajira una tabia zake. Mtu anaumwa malaria na anakuja kazini. Saa za ziada hazilipwi, anameza mate. Dada mwenye ujauzito anavaa nguo pana na kuhesabu wiki. Kwa haki kabisa, sheria haikumwacha dada huyu mikono mitupu: kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi, kinataja ujauzito kwa jina, na hakisubiri miezi sita. Anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, anastahili pia notisi ya siku 28. Lakini wa kudai ubaguzi lazima aanze kwa kuonyesha dalili zake, na barua ya mistari miwili, “hatutaweza kuendelea nawe”, haina dalili ya kitu chochote. Ukimya ndio kinga kubwa ya mwajiri mbaya. Mwajiri mwema anaupata bure na wala hauhitaji.

Kenya ilikutana na swali hilihili. Sheria yao ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42(1), ilimruhusu mwajiri kumwondoa wa majaribio bila kumsikiliza. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walikitangaza kifungu hicho kuwa kinakwenda kinyume na Katiba, ambayo ibara yake ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Kila mtu, katiba haikuuliza nani amethibitishwa. Kupima kumebaki palepale. Kinachotakiwa ni mtu kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo, naye ajibu. Kikao cha namna hiyo kinaisha chai haijapoa.

Wanasheria wa waajiri watasema kila kikao ni mtego mpya: ukikosea utaratibu, unalipa fidia ya mishahara ya miezi mingi. Hapo wana haki, na dawa ni kupunguza adhabu. Aliye chini ya miezi sita asiposikilizwa, alipwe mshahara wa mwezi mmoja au miwili, yaishe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi atalazimika kuandika tu kwamba tarehe fulani hesabu ya saruji haikulingana na vitabu. Kama hana hata tarehe moja ya kuandika, nashangaa alikuwa anapima nini miezi yote mitano.