Nani aliziita tasa?

Ijumaa jioni, barazani barabara ya 13 pale Ngamiani, Tanga, kahawa ya pili. Mpwa wangu anatusomea kwenye simu habari za namba tasa (ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) kubwa kuliko zote zinazojulikana, aliyoipata Mmarekani Luke Durant Oktoba 2024. Panga 2 zifike 136,279,841, zizidishe zote, halafu toa 1. Tarakimu 41,024,320. Mzee mmoja akatua kikombe: "Urefu wote huo, kumbe tasa!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mimi nilinuna, na bado nimenuna.

Sisi tuliosota shuleni na KDS na KKS, zile hesabu za vigawe na vigawo vya shirika, tunajua: bomoa namba yoyote uitakayo, mwisho utakuta tasa tu. 12 ni 2, 2 na 3. 91, ambayo mwalimu wangu mmoja aliiapia ubaoni kuwa ni tasa (nikala fimbo mbili kwa kubisha), ni 7 mara 13. Ukoo wote wa namba umetoka kwa hizo hizo. Sasa aliyezaa ukoo mzima ndiye wa kuitwa tasa?

Shangazi yangu hakujaliwa mtoto. Neno hilo alirushiwa bombani, harusini, hata msibani. Katulea sita. Basi mnisamehe, masikio yangu hayalichukulii kama hesabu.

Na hiyo ya Durant imezaa hasa. Euclid, yule Mgiriki, alishaonyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba tasa za namna hii huleta namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya namba zote ndogo kuliko yenyewe zinazoigawa bila baki. 3 inatupa 6, na 6 ni 1 na 2 na 3. 7 inatupa 28. Jumlisha mwenyewe 1, 2, 4, 7 na 14. Hiyo mpya imeleta kamilifu yenye tarakimu 82,048,640. Mtoto kampita mama urefu mara mbili, na bado mama tasa!

Haya, shingo upande: hainunui hata kashata. Kufuli za mtandaoni zinatumia tasa za tarakimu mia kadhaa, tena za siri. Hii dunia nzima inayo. Nani afunge nyumba kwa ufunguo uliogawiwa mtaa mzima? Na kazi ngumu ilifanywa na kompyuta za kukodi. Sawa.

Ila mzee wangu aanze kuisoma leo, tarakimu moja kila sekunde, bila kulala. Atamaliza baada ya siku 475 hivi. Wengine Tanga waja leo waondoka leo. Yeye hapo barazani hatabanduka.

Njiani mpwa wangu akauliza, "Mjomba, basi tuziite nini?" Nikamwambia, namba wazazi. Akasema jina zuri, ila kwenye mtihani ataandika tasa, anataka kufaulu.