Yankees Hawakuibiwa Ubingwa wa 1960

Kuna kauli moja ambayo mashabiki wa New York Yankees wamekuwa wakiirudia tangu 1960, nami kila nikiisikia huwa naumia: eti mwaka ule timu bora ndiyo iliyoshindwa. Mickey Mantle, nyota wao mkubwa, alilia siku ile, na hata alipokuwa mtu mzima aliyekwisha kustaafu aliendelea kuamini kwamba wao ndio waliostahili. Machozi yake nayaelewa. Kauli yenyewe siikubali.

Ushahidi wao ni hesabu. Katika mechi saba za World Series, yaani fainali ya besiboli ya Marekani, Yankees walipata mikimbio (alama za mchezo huo) 55 na Pittsburgh Pirates wakapata 27. Zaidi ya maradufu. Sisi tuliozoea mechi za nyumbani na ugenini, tunaojumlisha mabao hadi usiku wa manane kujua nani kasonga mbele, tukiona tarakimu hizo tunaweza kuwapa Yankees haki haraka sana.

Lakini World Series haijumlishi. Anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa, basi. Ukipigwa 16 kwa 3 umepoteza mechi moja, na ukipigwa 3 kwa 2 umepoteza mechi moja vilevile. Yankees walishinda zao tatu kwa 16–3, 10–0 na 12–0. Zijumlishe: mikimbio 38 kati ya ile 55 ilipatikana katika siku tatu tu. Katika mechi nne zilizobaki Yankees walipata 17, na Pirates 24. Mbili kati ya hizo nne, Yankees waliambulia mikimbio miwili tu kila mechi. Timu yenye Mantle, Roger Maris na Yogi Berra, miwili tu! Kuna watu waliokuwa wakifanya kazi ya kuwazuia, na kazi hiyo haionekani popote ndani ya 55.

Niseme kidogo jinsi mchezo wenyewe unavyokwenda, kwa ambaye hajawahi kuutazama. Mrushaji anarusha, mpigaji anaupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuvipitia vituo. Akivimaliza vyote vinne na kurudi alipoanzia, timu yake imepata mkimbio mmoja. Walioko uwanjani wanatakiwa waudake mpira hewani, au waufikishe kituoni kabla mkimbiaji hajafika. Wakishawatoa watu watatu, zamu inageuka, na kila timu ina zamu tisa. Mpira ukivuka ukuta ni homurani: mpigaji anazunguka vituo vyote bila wa kumzuia. Ndiyo maana homurani hupendwa, maana siku hiyo hakuna mdakaji atakayekuharibia.

Mechi ya saba ilichezwa Forbes Field, Pittsburgh, Alhamisi tarehe 13 Oktoba 1960, mbele ya watazamaji 36,683. Kuna jambo moja kuhusu mechi hiyo ambalo hata mashabiki wakubwa hulisahau. Mara kwa mara mrushaji humtoa mpigaji peke yake, kwa kumfanya akose mipira mitatu, na wenzake hawana la kufanya ila kutazama. Siku ile hakuna mpigaji hata mmoja, wa upande wowote, aliyetolewa hivyo. Mikimbio 19 ilipatikana, na kila aliyetolewa alitolewa kwa mpira ambao ilibidi mtu aufukuzie, audake, autupe. Ilikuwa mechi ya glovu. Aliyezembea sekunde moja alilipa.

Pirates walitangulia 4 kwa 0 ndani ya zamu mbili. Berra akapiga homurani ya mikimbio mitatu katika zamu ya sita, Yankees wakapita, na walipofika katikati ya ile ya nane ubao ulisomeka 7 kwa 4. Pirates walibakiwa na watu sita tu wa kutolewa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu historia imelizoea pigo la mwisho mpaka imesahau kilicholizaa.

Gino Cimoli alifika kituo cha kwanza. Akafuata Bill Virdon, akapiga mpira wa chini uliokwenda moja kwa moja kwa Tony Kubek wa Yankees. Ulikuwa mpira wa kuwatoa wawili kwa mkupuo. Kwetu husemwa mpira unadunda, na ule ulidunda kweli: ulirukia juu ghafla ukampiga Kubek kooni, akaanguka, akashindwa hata kuzungumza, ikabidi apelekwe hospitali. Hakuna aliyetolewa. Mashabiki wa Yankees wakifika hapa husema, unaona, bahati! Nami nakubali, hiyo ilikuwa bahati, na namwonea huruma Kubek hadi leo. Lakini msiishie hapo.

Dick Groat akaleta mkimbio mmoja. Wawili wakatolewa baada yake. Kisha Roberto Clemente, kijana wa Puerto Rico aliyepata pigo salama, yaani la kumfikisha kituoni, katika kila mechi kati ya zile saba, akapiga mpira dhaifu, wa polepole, ukaviringika kulia. Bill Skowron wa Yankees aliutokea, akauchukua, akageuka kuutupa kituo cha kwanza. Kituoni hapakuwa na mtu. Jim Coates, mrushaji aliyepaswa kukimbilia pale, hakufika. Clemente yeye alikimbia kama ambaye maisha yake yako kwenye kile kituo. Angetolewa, zamu ingekufa hapo hapo na Yankees wakiwa mbele. Badala yake mkimbio mwingine uliingia: 7 kwa 6.

Hiyo si bahati. Ni mtu mmoja aliyekimbia na mwingine aliyechelewa.

Na mpigaji aliyefuata alikuwa Hal Smith, mdakaji wa akiba aliyeingia mechi ikiwa inaelekea mwisho. Akaupeleka mpira nje ya ukuta wa kushoto, mikimbio mitatu kwa mpigo mmoja, 9 kwa 7. Kama mechi ingeishia hapo, jina lake leo lingekuwa kwenye sanamu. Nadhani hakuna mchezaji aliyedhulumiwa na kumbukumbu zetu kama Hal Smith. Aligonga mpira mkubwa kuliko wowote katika maisha ya klabu ile, akaumiliki kwa dakika chache tu.

Maana Yankees hawakukata tamaa, na hilo lazima niwape. Katika zamu yao ya tisa walirudisha mkimbio mmoja kwa pigo la Mantle. Kisha Berra akapiga mpira kwa Rocky Nelson, aliyekuwa karibu kabisa na kituo cha kwanza. Nelson akakanyaga kituo na kumtoa Berra. Mantle alikuwa amenasa katikati, na kama angekimbilia kituo cha pili angetolewa, mechi ikaisha. Yeye akajitupa kifudifudi kurudi alikotoka, akaupenya mkono wa Nelson aliyetaka kumgusa kwa mpira, na mwenzake akaingia nyumbani: 9 kwa 9. Ni moja ya hatua za akili zaidi nilizowahi kuona mchezaji akifanya katika kufumba na kufumbua. Nimeitazama tena na tena.

Na tunaweza kuitazama kwa sababu ya mwimbaji Bing Crosby, aliyekuwa na hisa katika klabu ya Pirates. Aliogopa kuwatia nuksi akiwatazama moja kwa moja, akaenda zake Paris, huku nyuma akiagiza mechi irekodiwe kutoka kwenye televisheni. Filamu zile zilikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba yake huko California hadi mwishoni mwa 2009, zilipokutwa zikiwa salama. Kwa miaka karibu hamsini watu walikuwa wakibishana juu ya mechi ambayo hakuna aliyeweza kuiona tena nzima.

Saa tisa na dakika 36 alasiri, Bill Mazeroski alisimama kupiga, wa kwanza katika zamu ya tisa ya Pirates. Mrushaji alikuwa Ralph Terry, wa tano kutumiwa na Yankees siku hiyo. Mpira wa kwanza ulipita juu. Wa pili Mazeroski aliupiga kuelekea kushoto, karibu na alama ya futi 406. Berra, aliyekuwa akilinda upande ule, alikimbilia ukuta, akainua uso, kisha akageuka akiwa hana la kufanya. Mpira ulikuwa umekwishavuka. 10 kwa 9. Mazeroski akazunguka vituo akipunga kofia mkononi, na kabla hajafika nyumbani mashabiki walikuwa wamekwishaingia uwanjani wakikimbia naye. Hadi leo ndiyo homurani pekee iliyomaliza mechi ya saba ya World Series. Ile ya Joe Carter wa Toronto mwaka 1993 ilikuwa tamu, sibishi, lakini ilikuja mechi ya sita. Carter angekosa, kesho ingekuwepo.

Sasa, Mazeroski alikuwa nani? Alikuwa mlinzi wa kituo cha pili. Wenzake walimpa jina la Hana Mikono, kwa sababu mpira ulikuwa ukifika kwake na kuondoka kabla jicho halijaona glovu ikiufunga. Katika misimu 17, yote na Pirates, alishiriki kuwatoa wawili kwa mkupuo mara 1,706, rekodi ya walinzi wa kituo cha pili. Alitwaa Glovu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, mara nane. Kwa gongo alikuwa wa kawaida. Kwa hiyo mwaka 2001 alipoingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la besiboli kule Cooperstown, wapo walionung'unika kwamba amepewa heshima kwa pigo moja la 1960. Siku ya sherehe alisema anajivunia kuingia kama mlinzi, kwamba kuzuia nako kunastahili kutambuliwa, kisha machozi yakamzidi, akayaacha makaratasi ya hotuba yake na kwenda kuketi. Maneno yale machache yananitosha. Alikuwa akieleza kazi yake, nami nasikia ndani yake jibu kwa wote wanaonitajia 55.

Wengine hulaumu kocha. Casey Stengel wa Yankees alimweka kando Whitey Ford, mrushaji wake bora, hadi mechi ya tatu, na Ford akashinda 10–0 na 12–0 bila kupata nafasi ya kuanza mara ya tatu. Siku chache baada ya fainali Stengel, mwenye miaka 70, aliondolewa. Lakini kumpanga mrushaji ni sehemu ya mchezo. Pirates nao walipanga wa kwao.

Tena Yankees wenyewe wanalijua hili vizuri. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Oktoba 1962, walikuwa San Francisco, mechi ya saba tena, wakiongoza 1 kwa 0. Mrushaji ni yuleyule Ralph Terry. Giants walikuwa na watu kwenye kituo cha pili na cha tatu, amebaki mmoja wa kutolewa, na Willie McCovey akaupiga mpira kwa nguvu za kutisha. Ulikwenda moja kwa moja kwenye glovu ya Bobby Richardson, mlinzi wa kituo cha pili. Yankees bingwa. Jumla ya mikimbio mwaka ule: Giants 21, Yankees 20. Sijawahi kumsikia shabiki hata mmoja wa New York akisema timu bora ilishindwa.