Kujifunza jiolojia bila mwalimu: mkono unafika wapi?

Wanaopinga kujifunza jiolojia nje ya darasa wana hoja moja nzito: jiwe halikusahihishi. Kalsaiti na kwatzi ni madini mawili ambayo yote huweza kuwa meupe; ukiita kalsaiti kwatzi leo, kesho utaiita hivyo tena, na kila jiwe jeupe utakaloliokota litakomaza kosa. Programu za simu zinazotambua mawe kwa picha hazisaidii sana, kwa kuwa rangi ndiyo sifa inayodanganya kuliko zote. Kwatzi ileile huwa nyeupe, ya waridi, ya zambarau au ya rangi ya moshi.

Hata hivyo, vipimo vya mkono vipo, navyo husahihisha. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, kisu cha chuma ni takriban 5.5. Kalsaiti ni 3, hivyo kisu kitaikwaruza. Kwatzi ni 7. Kisu ndicho kitakacholika na kuacha mstari wa kijivu juu yake. Hapo wengi huteleza, wakidhani mstari ule ni mkwaruzo kumbe ni unga wa chuma. Ufute kwa kidole kilicholowa, kisha upapase kwa ukucha: ukihisi mfereji, ni mkwaruzo wa kweli. Na upime uso uliovunjwa sasa hivi, maana ngozi ya nje iliyooza kwa mvua na jua huwa laini kuliko mwamba wenyewe.

Uzito nao hupimwa jikoni. Weka chombo cha maji juu ya mizani ya kidijitali, rudisha namba kwenye sifuri, kisha tumbukiza jiwe likining'inia kwa uzi bila kugusa chini wala kando. Jiwe la gramu 265 likiongeza 100 kwenye mizani, msongamano wake, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo, ni 265 kugawa kwa 100, sawa na 2.65, ambao ndio wa kwatzi. Pairaiti, madini ya manjano yanayong'aa na kuwaponza wengi wanaosaka dhahabu, hufika 5. Dhahabu safi ni 19.3. Sugua kipande chako nyuma ya kigae, upande usio na mng'ao: pairaiti huacha unga mweusi wenye ukijani, dhahabu huacha mstari wa manjano.

Mwalimu mwingine ni ramani ya jiolojia, na naona wanaojifunza wenyewe wanaipuuza mno. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, ina ramani ziitwazo QDS (Quarter Degree Sheets), yaani karatasi za ramani zinazogawanya nchi vipande vipande. Kwa zile za 1:100,000, sentimita moja ni kilomita moja. Andika kwanza unachokiona, ndipo ufungue ramani. Ila uangalie mwamba uliotia mizizi ardhini tu. Jiwe lililolala njiani huenda limeletwa na mto, au na lori la kifusi.

Wapinzani wanashinda kwenye miamba ya chembe ndogo. Jiwe jeusi la Nairobi linaitwa basalti na wengi, ilhali mara nyingi ni fonolaiti (yote mawili ni miamba ya volkano), na lenzi ya mara 10 haimalizi ubishi huo. Hukatwa kipande, kikasagwa hadi unene wa milimita 0.03, kikatazamwa kwa hadubini ya mwanga uliochujwa. Hakuna njia ya nyumbani ya kufanya hivyo vizuri. Vivyo hivyo umri wa mwamba, na kiasi cha dhahabu kwa tani: hayo ni ya maabara. Sampuli ya kupeleka huko iandikwe namba, tarehe na mahali kwa GPS palepale ilipovunjwa, kabla haijaingia mfukoni, kwa sababu maabara haiwezi kukwambia ilitoka wapi.