Honi za meli na kura ya mbunge

Kila Desemba 31, ikigonga saa sita ya usiku, meli zilizoko Kilindini hupiga honi zote kwa pamoja. Mgeni hudhani kumezuka balaa. Sisi tuliozaliwa Mombasa ndizo hutuambia mwaka umeingia, kisha zifuate fataki, vigelegele na pikipiki za vijana mpaka karibu na alfajiri. Kwa dadangu, ng'ambo ya Likoni, honi zikianza mumewe huingia chooni, akafungua mfereji hadi mwisho, akaketi sakafuni kusubiri zipoe. Mara ya kwanza kuona nilidhani tumbo limemsumbua.

Shemeji alikuwa Somalia na jeshi letu. Alikuwa wapi hasa na aliona nini, sijui, kwa kuwa mwenyewe hasemi, na sisi tushajifunza kutouliza. Alirudi na mikono yote na miguu yote, watu wakaja kumpa mkono, wakasema alhamdulillahi, amerudi mzima. Dadangu naye akasema alhamdulillahi. Ilimpitia kama mwaka mzima kabla hajafahamu kwamba aliyerudi hakuwa yule aliyemsindikiza. Sasa nyumba ile ina sheria zake ambazo hazikuandikwa popote. Maputo hayaingii. Siku ya Idd watoto wakitaka fataki huenda mtaa wa pili. Mlango haubamizwi. Sheria moja nilifunzwa na mwanawe wa pili, mwenye miaka saba: "Mama mdogo, baba akilala usimguse. Muite ukiwa mlangoni."

Nimekuwa nikiyafikiria haya kwa sababu mabango yameanza kutundikwa. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, lakini Mombasa siasa haina msimu. Juzi mmoja wa wanaotaka kiti cha ubunge alikuja mtaani kwetu, akaketi na wazee barazani, kahawa ikazungushwa, tukaambiwa mambo matatu. Usalama: ataleta taa za barabarani na kuwamaliza vijana wa panga. Familia: basari kwa watoto na leso kwa kina mama. La tatu lilikuwa kwamba aliyeko hajafanya kitu. Nilipopata nafasi nikamuuliza, ukifika Bungeni, wale waliorudi kutoka Somalia utawauliziaje? Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa bei ya dhahabu na mtoto. "Hayo ni ya serikali kuu, mamangu. Ya jeshi yana wenyewe."

Sikumjibu pale, wazee walikuwa wameshachoka na kahawa imekwisha. Namjibu hapa.

Wenyewe ni nyinyi wabunge. Katiba ya 2010, kifungu cha 240, inasema Baraza la Usalama la Kitaifa linaweza kupeleka vikosi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Kutangaza vita pia, kifungu cha 95, kunahitaji idhini ya Bunge la Kitaifa. Bunge hilo lina wabunge 349 ukimtoa Spika: 290 wa maeneo bunge, sita kati yao kutoka kaunti yetu, 47 wawakilishi wa wanawake, na 12 wa kuteuliwa. Kuna kamati nzima inayoshughulikia ulinzi, ujasusi na mambo ya nje. Mtu mwenye uwezo wa kuinua mkono kijana akavuka mpaka hawezi kuniambia kurudi kwake ni shauri la wenyewe.

Tena isomeni maana ya usalama wa taifa katika kifungu cha 238. Haianzi na kuishia kwenye mpaka na bunduki. Inataja watu, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani, utulivu na ustawi. Kwa kipimo hicho mfereji unaofunguliwa usiku wa manane kule Likoni ni jambo la usalama wa taifa, na mtoto wa miaka saba anayejua umbali salama wa kumwamshia babake naye yumo.

Watu wakitaja wabunge wa mfano huwa nasita, maana wengi huwa wazuri mpaka uwasogelee. Lakini yuko mmoja ninayemfuatilia kwa miaka sasa, na yuko mbali, Marekani. Tammy Duckworth alikuwa rubani wa helikopta ya kijeshi. Novemba 12, 2004, huko Iraki, helikopta yake ya aina ya Black Hawk ilipigwa kombora na yeye akapoteza miguu yote miwili. Baada ya hospitali akaongoza idara ya wanajeshi wastaafu ya jimbo la Illinois, kisha akashika cheo katika idara ya taifa ya wastaafu hao, halafu akachaguliwa Baraza la Wawakilishi mwaka 2012 na Seneti mwaka 2016. Yumo katika kamati ya Seneti ya masuala ya jeshi. Ukitaka kujua vita hugharimu nini, anayekuuliza swali yuko mbele yako, kwenye kiti cha magurudumu.

Kilichonivuta zaidi lakini si miguu. Aprili 2018 akawa seneta wa kwanza katika historia ya nchi ile kujifungua akiwa madarakani. Kanuni za Seneti hazikuruhusu mtoto ukumbini. Wenzake wakaibadilisha kanuni, na siku iliyofuata akaingia kupiga kura na kichanga cha siku kumi kifuani. Mwaka huohuo sheria aliyoipigania ikapita, ya kuvitaka viwanja vikubwa na vya kati vya ndege viwe na vyumba safi vya kunyonyeshea. Mwanajeshi, mlemavu, mama, na kila kimoja hukisukuma kingine. Hakugawanya mafaili, hili la usalama, hili la wastaafu, hili la familia, kwa sababu kwake yote yaliingia kwa mlango mmoja.

Sasa njoo kwetu, na wala si mbali, ni jirani zetu wa Kwale. Agosti 7, 2019, Zuleikha Hassan, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti hiyo, aliingia ukumbi wa Bunge Nairobi na mwanawe wa miezi mitano. Alikuwa na dharura siku hiyo, na mahali pa kumwacha mtoto hapakuwapo. Akaamriwa atoke. Kwa kanuni za Bunge, asiyekuwa mbunge ni mgeni, hata kama bado hajaota jino. Kelele zilizozuka mle ndani, ukizitazama leo kwenye video, utadhani ameingia na chui. Baadhi ya wabunge wanawake wakatoka naye. Ni mwaka mmoja na miezi minne tu tangu kile kichanga cha Marekani kiruhusiwe ukumbini, na huku kwetu sheria ya afya ya mwaka 2017 ilikuwa tayari inawataka waajiri waweke sehemu za kunyonyeshea. Waliopitisha sheria hiyo ni Bunge lenyewe. Mpishi hali chakula chake.

Msinielewe vibaya, Marekani si pepo ya wanajeshi. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba katika hospitali ya wastaafu ya Phoenix wagonjwa walikuwa wakiwekwa kwenye orodha za siri za kungojea ili takwimu zipendeze, na waziri mhusika akajiuzulu. Mwaka 2022 mswada wa kuwatibu walioathirika na moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini ulipokwama Seneti, wanajeshi wastaafu walikesha kwenye ngazi za jengo la Bunge mpaka ukapita. Hilo ndilo ninalolionea wivu. Zile ngazi. Walijua mlango wa kulala ni upi.

Sisi tunalala mlango gani? Sheria ya wanajeshi wastaafu tunayo, ni ya mwaka 2022, na inawataja pamoja na wanaowategemea. Dadangu aliichapisha karatasi zake kwa duka la saiba, akaziweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na barua za mumewe, akapanga foleni katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Faili halionekani, rudi Jumanne. Jumanne aliyekuwa akilishughulikia yuko likizo. Jumanne nyingine akaambiwa kwa nini hakuja mwenyewe mumewe. Angewaeleza nini, kwamba mwenyewe hawezi kukaa kwenye foleni ambayo mtu husimama nyuma yake? Akarudi na mfuko wake kwa feri. Hakulia, ila aliniambia kitu kimoja: angekuwa hana mguu wangemwonea imani.

Mbele ya nyumba yao, uchochoro uleule, yupo mama mwingine. Mwanawe pia alivuka mpaka, ila kwa upande wa pili, ule wa Al-Shabaab. Alitoka asubuhi akisema anakwenda kutafuta kazi, zikapita wiki, ikaja simu moja, basi. Hiyo ilikuwa miaka ile mibaya, baada ya vikosi vyetu kuingia Somalia Oktoba 2011, Mombasa ikawa na mauaji ya masheikh, uvamizi wa msikiti Majengo Februari 2014, na mwezi uliofuata watu wakapigwa risasi kanisani hapohapo Likoni. Mwaka 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaorudi. Mama yule alingojea. Bado anangojea, na polisi walimtembelea mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote wa serikali.

Wanawake hawa wawili huazimana sukari. Mmoja mumewe alitumwa kupigana na watu ambao huenda mwana wa mwenzake alikuwa kati yao. Wanajua, hawasemi. Bunge likijadili usalama, hawa wamegawanywa: mmoja ni familia ya shujaa, mwingine ni familia ya mshukiwa. Pale uchochoroni wote ni wanawake wasio na ofisi ya kuingia. Mbunge angekuwa na akili ya kuwaita meza moja angejifunza usalama kuliko semina kumi za hotelini Nyali.

Kuna zile sanamu za askari kwenye barabara ya Jomo Kenyatta, za vita vya kwanza vya dunia, tunazipita kila siku na matatu wala hatuzitazami. Maandishi yake yanawaahidi askari kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Yaliandikwa na wakoloni, na ahadi za wakoloni tunazijua. Lakini Januari 15, 2016, kambi ya vijana wetu wa jeshi ilivamiwa El Adde, huko Somalia, na mpaka leo serikali yetu wenyewe haijatutolea hesabu kamili ya waliokufa. Mkoloni alau aliahidi majina. Kila Oktoba 14 tunaadhimisha siku ya jeshi, gwaride safi, bendi safi, na hesabu haipo. Kuidai si kazi ya wajane.

Nao polisi? Novemba 2023 Bunge liliidhinisha polisi wetu wapelekwe Haiti, kundi la kwanza likaondoka Juni 2024. Sheria ya wastaafu inayozungumzia jeshi haiwahusu hao. Atakayerudi Kisauni au Changamwe akiogopa fataki atakuwa hana hata karatasi ya kuweka kwenye mfuko wa plastiki.

Nikisema wabunge nisijiondoe na sisi. Mbunge wa Pwani tunampima kwa matanga. Amekuja? Ametoa nini? Viti na hema amelipa nani? Tunampima kwa basari, na basari ni haki yetu, hela ni za mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, hazitoki mfukoni mwake, lakini tunamshukuru kama aliyeuza shamba la babake. Anayesoma kumbukumbu za Bunge, zile ziitwazo Hansadi, ni nani? Ziko wazi kwenye intaneti, bure. Nilimwambia kijana mmoja wa baraza letu, hodari wa siasa kweli, aniambie mbunge yeyote wa kaunti hii aliuliza swali gani kuhusu jeshi. Akaniambia, "Anti, hayo nani anayataka?" Akaniuliza yeye sasa: kwani swali linajenga darasa? Nikakosa jibu la haraka. Mbunge anayeuliza maswali hatujui la kumfanyia, hatuna hata wimbo wa kumwimbia. Basi wakituletea leso, tumewafunza wenyewe.

Mimi leso nitapokea, ni mali ya umma. Ila yule bwana wa barazani akirudi nimemwandalia swali jingine, fupi, na nitamuuliza wazee wakiwa bado na kahawa: ukiinua mkono vikosi viende, utawajua kwa majina wangapi wa eneo lako? Akitaja watatu nitampigia kampeni bure.

Desemba hii dadangu na mumewe hawatakuwa Likoni. Wamepanga kwenda Kinango kwa mamake shemeji, walale huko mpaka Januari 2. Kule usiku husikia vyura na redio ya jirani, hakuna meli. Watoto wamenuna kwa kuwa watakosa fataki. Nauli ya matatu, watu watano kwenda na kurudi, nimeitoa mimi.