Manusura wa saratani aambiwe yote siku moja?

Siku ya kemo ya mwisho, manusura wengi jijini Nairobi huondoka na kadi ya tarehe ya kurudi kliniki, basi. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walipendekeza kila mgonjwa apewe muhtasari wa matibabu yake na ratiba ya ufuatiliaji kwa maandishi. Kwetu hoja hiyo ina uzito wa pekee: mtu hupasuliwa hospitali moja, kemo akaipata nyingine, mionzi akapigwa Hospitali ya Kenyatta, na mafaili yasikutane. Miaka kumi baadaye moyo ukidhoofika, daktari atauliza alipewa doksorubisini, dawa ya kemo inayoweza kudhuru moyo, kiasi gani kwa jumla, kwani hatari hupanda sana ikishapita miligramu 450 hivi kwa mita mraba ya mwili. Nani atakumbuka? Kisha kuna anayesikia "umepona" akaacha tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani ya matiti isirudi, ya miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 angalau.

Ila karatasi pekee haimtulizi mtu. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2011 ulihusisha wanawake 408 waliotibiwa saratani ya matiti. Waliopewa mpango wa maandishi hawakupungukiwa na dhiki kuliko wenzao. Uholanzi mambo yalikuwa mabaya zaidi: waliotibiwa saratani ya mji wa mimba wakapewa mpango huo walipata habari zaidi, na wasiwasi zaidi, na hata dalili walizisikia zaidi. Mwambie mtu saratani yaweza kurudia mifupani, kisha umwache apande matatu peke yake, uone kama usiku huo mgongo hautamuuma.

Basi afichwe? Jamaa wengi wangependa hivyo. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kujua hali yake, isipokuwa pakiwa na ushahidi wa kutosha kwamba kuambiwa kutamdhuru. "Asije akashtuka" ya shangazi si ushahidi.

Kwa maoni yangu, karatasi igawanywe mara mbili. Siku ya mwisho apewe dawa, dozi, tarehe na dalili za kumrudisha hospitali haraka, kwa Kiswahili. Hatari za mbali zingoje kliniki ya kwanza, na muuguzi aulize kwanza: "Dhiki yako ni ngapi, 0 hadi 10?" na "Ungependa kujua kiasi gani?" Akitaja 4 au zaidi, amwone mshauri kabla ya kuelezwa lolote jipya. Tatizo ni muuguzi mwenyewe: foleni imefika mlangoni, na maswali hayo mawili hayaulizwi kwa kusimama.