Hizo mia nne za mwanafunzi nani azilipe?

Saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha Igoma, Mwanza. Haisi ya kwenda mjini inasimama, konda anatoa kichwa: "Denti wawili tu!" Wanafunzi kumi na kitu wanaukimbilia mlango. Wawili wanaingia, waliobaki wanarudi kando ya barabara na mabegi yao, na mtu mzima aliyefika sasa hivi anapita katikati yao kwenda kukaa dirishani. Kila shule zikifunguliwa tunaambiana yale yale: makonda wabaguzi, hawana utu, wapigwe faini mpaka washike adabu.

Mtoto ana haki ya kufika shule, hilo halina mjadala. Ninachobishia ni hilo neno, ubaguzi.

Katiba yetu, ibara ya 13(5), inaeleza kubagua ni nini, na inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Yaani unakataliwa kwa jinsi ulivyo. Sasa mtazame denti huyo huyo siku ya Jumamosi, kavaa nguo za nyumbani, mkononi ana 600, nauli ya mtu mzima. Konda anamshika mkono: "Twende dogo, siti hii hapa." Au umtazame Jumatatu saa nane mchana, gari likiwa tupu: konda anawaita wanafunzi kwa mluzi. Sura haijabadilika. Kilichokataliwa asubuhi ni nauli ya mwanafunzi, mia mbili, pungufu kwa mia nne.

Mlinganishe na mtu mwenye ualbino ambaye abiria wanajisogeza mbali naye na konda anajifanya hamwoni, au mwenye kiti cha magurudumu anayeambiwa "subiri gari la nyuma" mara tatu mfululizo. Hawa wana nauli kamili mkononi. Kanda ya Ziwa hatuhitaji kukumbushwa wenzetu wenye ualbino walifanywa nini hapa. Kwa hao ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mfanyabiashara anayewafungia mlango sina neno la kumtetea.

Lakini tukiliita kila "sikuuzii" ubaguzi, tutaua biashara zenyewe. Nenda Mwaloni, Kirumba. Mwenye dagaa anatoa magunia kwa mali kauli: chukua, kauze, utaniletea. Anampa anayemjua, aliyezikana naye, wa kisiwani kwao. Mgeni anaambiwa alete fedha taslimu. Ni kweli mazoea hayo yana upendeleo ndani yake, na kijana asiye na ndugu sokoni anaumia. Ila sheria ikimlazimisha mama yule amkopeshe kila ajaye, mwisho wa mwezi hatakuwa na gunia la kumpa yeyote.

Usafiri ni jambo jingine, na hapa nakubaliana na wanaomlaumu konda. Sheria ya zamani ya Waingereza, ambayo Tanganyika iliipokea kwa tarehe ya 22 Julai 1920, ilikuwa na kanuni kwamba mwenye nyumba ya wageni na msafirishaji wa umma hawachagui mteja bila sababu ya maana, maana msafiri aliyekataliwa njiani usiku hana kwingine. Wamarekani wamefikisha mabishano haya kwenye keki ya harusi ya wanaume wawili, ambayo mwokaji alikataa kuitengeneza. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu yao ilimpa mwokaji ushindi, ila kwa sababu finyu, kwamba tume ya jimbo iliidharau dini yake. Keki unaweza kusema inabeba sauti ya aliyeipamba. Siti ya kutoka Igoma haibebi sauti ya mtu. Mwenye gari amepewa leseni na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, masharti ya leseni yanamkataza kuacha wanafunzi, basi awapakie.

Awapakie kwa hesabu ya nani?

Hapo ndipo ninapokwama kila siku. Kwa safari isiyozidi kilomita 10 nauli ya mtu mzima ilikuwa 400. Mei 2022 ikawa 500, Desemba 2023 ikawa 600. Ya mwanafunzi ikabaki 200. Maana yake ndani ya miaka miwili pengo lilitoka mia mbili likawa mia nne, bila mtoto kuongeza senti wala serikali kutoa senti. Chukua mtoto mmoja, safari mbili kwa siku, siku 190 za masomo: shilingi 152,000 kwa mwaka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ada ya sekondari ya kutwa iliyofutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, na serikali ikazifidia shule kutoka mfuko wake. Hakuna aliyemwambia mwalimu mkuu apunguze mshahara wake ili ada ifutwe. Kwa mtoto huyo huyo, barabarani, tunamdai konda zaidi ya mara saba ya ada ile, na jioni tajiri, mwenye gari, anataka hesabu yake kamili. Deiwaka, yule konda wa kibarua cha siku, hana hata pa kulalamika.

Nimesikia jibu kwamba nauli ya mtu mzima inapopangwa, punguzo la mwanafunzi limekwisha kuingizwa humo. Haya, tuseme ni kweli. Basi konda anayewakwepa wanafunzi anaweka mfukoni fidia ya kazi asiyoifanya, na mwenzake anayewabeba kwa moyo, kwenye njia yenye shule tatu, anapata hasara. Utaratibu wa namna hiyo unamtajirisha mkaidi.

Na anayeumia kwelikweli ni mtoto. Aliyeachwa Igoma anafika kipindi cha pili, anakuta fimbo getini. Binti anapanda bodaboda "ya bure", na wazazi wa Mwanza wanajua bure hiyo hudaiwa wapi. Trafiki husimama kituoni wiki moja, wanafunzi wakapakiwa wote. Wiki ya pili trafiki hayupo, wanarudi wawili wawili.

Serikali impe mwanafunzi kadi, konda aigonge kwenye mashine, halmashauri ilipe ile mia nne. Najua mtakachosema: makonda watagonga kadi za wanafunzi hewa. Watagonga, wala sibishi. Lakini watumishi hewa tuliwapata kwa maelfu tangu mwaka 2016. Serikali iliwasaka kwa sababu fedha iliyokuwa ikiliwa ilikuwa yake.